Mapazia ya Chumba cha Juu

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi sina subira na wale wanawake watatu. Mama Mdogo anasema ameshawasamehe, na kila nikianza kuwasema ananiambia ninyamaze nimpe mkasi. Lakini yeye ni yeye na mimi ni mimi. Walimgeuka, tena walimgeuka huku wakimwekea nyama kwenye bakuli, na sioni sababu ya kulizungusha jambo lenyewe.

Mama Mdogo ni mdogo wake mama yangu, anayemfuata mara tu. Amekuwa fundi cherehani tangu hajaolewa. Aliendelea kuwa fundi cherehani alipoolewa, alipofiwa na mume, na hata ule mwezi aliovunjika mguu, maana alisema cherehani ya umeme inakanyagwa kwa mguu mmoja na yeye bado anao mmoja mzima. Ukija kumsalimia, kabla hajaitikia ameshaangalia pindo la nguo yako. Siku ya msiba wa mumewe alimvuta pembeni mjomba wetu aliyekuja kumpa pole, akamwambia mkono wa kushoto wa shati lake umepachikwa kinyume. Hasemi kwa ubaya. Mshono mbaya unamkera tu, na akijua upo chumba kimoja naye hatulii mpaka ameushughulikia.

Kwa miaka kumi na moja alifanya kazi kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, na wenzake watatu. Kulikuwa na cherehani nne, mbili zimeelekea dirishani na mbili ukutani, meza ya kukatia katikati, pasi kwenye kona, na kioo kirefu nyuma ya mlango. Wa kwanza kati ya wenzake ni Mama Vifungo, mwanamke mnene, mcheshi, mwepesi wa machozi, ambaye kazi yake kubwa ni mashati na matundu ya vifungo. Wa pili ni Bi Harusi. Anashona magauni ya harusi, na yeye mwenyewe ameshavishwa pete ya uchumba mara tatu bila kufika popote. Jina alijipa mwenyewe na analicheka kuliko mtu yeyote. Wa tatu ni Kitinda, mdogo wao wote, ambaye Mama Mdogo alimpokea akiwa hajui hata kutia uzi kwenye sindano. Wote watatu walimwita Mama Mdogo Dada Fundi, kana kwamba wao si mafundi.

Kila Jumamosi saa saba mchana walizima cherehani, wakafunga mlango, wakaenda kula kwa Mchina. Tulikuwa tunasema kwa Mchina, lakini Mchina mwenyewe alikuwa jikoni na humwoni ila mikono ikipitisha sahani kwenye kidirisha. Aliyeendesha mambo ni mkewe, Mvietnamu, mwanamke mfupi mwenye kalamu sikioni. Wateja walimwita Mama Tambi, naye akawaita wote dada na kaka. Orodha yao ya vyakula ilikuwa na kurasa mbili, moja ya mume na moja ya mke. Kwa mume ungepata wali wa kukaanga, kuku wa tangawizi, bata wa kuchoma. Kwa mke ungepata supu ya tambi za mchele na nyama iliyokatwa nyembamba, na kamba waliofungwa pamoja na majani mabichi ndani ya karatasi ya mchele. Wateja wa siku nyingi walijua mke na mume wamegombana pale chakula cha ukurasa mmoja kilipowahi na cha ukurasa wa pili kikachelewa.

Mkahawa wenyewe haukuwa na makuu. Viti vya plastiki, vitambaa vya meza vya kufuta kwa tambara, feni mbili, moja inayozunguka na moja inayofikiria. Meza ya duara ilikuwa moja tu, ile yenye kioo juu yake kinachozungushwa ili sahani zimfikie kila mtu, na Jumamosi saa saba ilikuwa ya wale wanne. Walikaa kwa mpangilio uleule wa chumbani. Na walikuwa na desturi yao ambayo sijaiona kwingine: hakuna aliyejiagizia chakula. Kila mmoja alimwagizia aliyekaa kulia kwake. Mama Mdogo alimwagizia Bi Harusi, Bi Harusi akamwagizia Mama Vifungo, Mama Vifungo akamwagizia Kitinda, na Kitinda akamwagizia Mama Mdogo. Ilianza kwa mzaha, ikawa sheria. Ungekula ulicholetewa, ukinuna unacheka baadaye. Mama Mdogo alisema ndiyo njia ya kumjua mtu, kukisia tumbo lake linataka nini leo.

Sasa mwaka jana mwenye nyumba akawapa taarifa kwamba anapanua duka la rangi na chumba anakihitaji. Mwisho wa mwezi wa tisa wawe wametoka. Wakafanya kikao palepale kwenye meza ya kukatia, wakakubaliana watafute chumba pamoja na asiondoke mtu peke yake. Maneno hayo ya mwisho aliyasema Mama Mdogo, na wote watatu wakaitikia. Mama yangu aliposikia, akampa chumba chetu cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani.

"Leta cherehani yako hapa, uachane na kuhangaika," akamwambia.

"Dada, nitawaachaje wenzangu? Tumesema wanne."

Mama akangoja wiki mbili, akaona mdogo wake hana habari, akampa chumba msusi wa nywele, ambaye yupo mpaka leo na redio yake. Kwa hiyo ieleweke vizuri. Mama Mdogo alikuwa na mahali pa kuweka cherehani, mahali pazuri, na akapaacha kwa ajili ya wale watatu. Wasipopata chumba cha wanne, hana pa kwenda.

Wiki moja baadaye Bi Harusi akaingia na jora la kitambaa kizito cha mistari, kijani na rangi ya maziwa. Alisema ni kazi ya mtu wa ofisi fulani, madirisha matatu, na vipimo vimeandikwa kwenye karatasi.

"Dada Fundi, hii ni yako," akasema. "Marinda ya pazia sisi tunayaharibu."

Hilo lilikuwa kweli. Kupanga marinda ili mistari ishuke sawasawa kutoka juu mpaka chini, isivunjike, isitangetange, si kazi ya kila mtu. Mama Mdogo alikaa nayo siku nne. Kwenye pazia la tatu kitambaa kikapelea, kama shibiri moja hivi, akaunga kipande, akalaza mstari juu ya mstari na kukizamisha kiungo ndani ya rinda. Kitinda alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hakionekani hata kidogo," Kitinda akasema.

"Wewe hukioni. Mimi nitakiona hata nikiwa barabarani."

Kitinda akaokota mkasi wake. Akarudi kwenye cherehani yake, na Bi Harusi akaanza kuzungumza habari ya bei ya lesi.

Nimelifikiria sana jambo la mapazia. Mtu anayetaka kumtupa mwenzake, si angekwenda kununua mapazia yaliyoshonwa tayari? Maduka yamejaa. Au wangeyashona wenyewe, yakaenda upande, wakayavumilia. Hawakuweza. Miaka kumi na moja ya kukaa chumba kimoja na Mama Mdogo ilikuwa imewaharibu macho, hawakuweza tena kuamka na kutazama marinda mabaya. Kwa hiyo wakamletea yeye, wakamwambia ni ya mtu wa ofisi, naye akawashonea kwa bidii yake yote.

Yaliyofuata nayajua kwa kinywa chake, kidogo kidogo, siku nyingine sentensi mbili na siku nyingine kumi, mara nyingi akiwa na pini mdomoni.

Jumamosi ile, wiki moja kabla ya kuhama, wenzake walitangulia. Bi Harusi alisema wanapita mahali mara moja, watakutana mezani. Mama Mdogo akabaki akimalizia pindo la sketi ya mtu, kisha akafunga mlango akaenda peke yake. Alipofika ng'ambo ya mkahawa, akingoja magari yapungue avuke, akainua macho. Juu ya mkahawa kulikuwa na chumba cha madirisha matatu, ambacho siku zote kilikuwa stoo ya maboksi ya sosi ya soya. Sasa maboksi hayakuwepo. Vioo vilikuwa vimefutwa, na ndani yamening'inia mapazia ya mistari, kijani na rangi ya maziwa. Akatazama dirisha la tatu, akahesabu marinda kutoka kushoto, akakiona kiungo chake.

Na unajua alifikiri nini? Mimi ningejua palepale, maana mimi nina roho mbaya kidogo. Yeye alifikiri wamepata chumba cha wanne na wanataka kumshangaza. Alifikiri habari ya mtu wa ofisi ilikuwa ni mzaha wao, wamemshonesha mapazia ya chumba chake mwenyewe bila yeye kujua, na leo watamweleza wakila. Alisimama pale kando ya barabara akicheka peke yake. Akaanza hata kupanga: cherehani yake ataiweka dirisha la katikati, apate mwanga wa asubuhi, na meza ya kukatia ikae karibu na ngazi. Akaamua kujitia hamnazo, asiwaharibie. Aliniambia hajawahi kuvuka barabara ile na furaha ya namna ile, hata siku ya kuolewa.

Aliwakuta wameshakaa. Mama Tambi akaja na kalamu na kijitabu chake, na kila mmoja akamwagizia wa kulia kwake. Mama Mdogo akamwagizia Bi Harusi supu ya tambi, isiwekwe vitunguu. Zamu ya Kitinda ilipofika, akaagiza kamba wa kwenye karatasi ya mchele, akaagiza supu, kisha akaagiza bata.

Bata huwa hawamwagizi. Wamemla mara tatu tu katika miaka yote hiyo: Mama Vifungo alipopata mjukuu, Bi Harusi alipovishwa pete ya pili, na Kitinda aliposhona suti yake ya kwanza.

"Bata? Kuna nini leo?" Mama Mdogo akauliza, akibana kicheko.

"Basi tu, Dada Fundi," Kitinda akasema. "Ule."

Chakula kikaja, cha mke kwanza, cha mume baadaye. Bata akawekwa kwenye kioo, amekatwakatwa, ngozi inang'aa. Mezani pale kioo kilizungushwa upande mmoja tu, kulia, na ukikosa sahani ungoje irudi. Lakini siku ile kila kilipozunguka bata alikuja akasimama mbele ya Mama Mdogo, na mkono uliokisimamisha kioo ulikuwa wa Kitinda. Mama Vifungo naye akawa anamchagulia vipande vya paja, anamwekea kwenye bakuli. Mama Mdogo akala. Akaona jinsi wanavyomtunza, na roho ikazidi kumfurahi.

Akaamua kuwachokoza kidogo.

"Hivi habari ya chumba imefikia wapi?" akauliza. "Imebaki wiki moja, jamani."

"Tule kwanza," Mama Vifungo akasema.

"Tutapata tu, usiwe na wasiwasi," Bi Harusi akasema, macho kwenye supu yake.

"Labda kipo karibu kuliko tunavyodhani," Mama Mdogo akasema.

Tambi zikamponyoka Mama Vifungo kwenye vijiti, zikarudi kwenye bakuli, mchuzi ukamrukia kifuani. Hakuna aliyecheka. Mama Mdogo akajisemea moyoni kwamba hawa watu hawajui kabisa kutunza siri, na akaona huruma, akaacha kuwachokoza.

Walipokuwa wanamalizia, Mama Tambi akatoka jikoni na kibakuli kidogo, kitamutamu cha maharage na tui la nazi. Hawakuwa wamekiagiza. Akakiweka mbele ya Mama Mdogo kwa mikono miwili.

"Hii zawadi yangu, dada," akasema. "Umefanya kazi miaka mingi. Sasa pumzika vizuri."

Mama Mdogo akashukuru. Neno pumzika lilimpita, hakulishika. Mama Tambi akamgeukia Bi Harusi.

"Fundi umeme yupo juu. Anauliza habari ya soketi. Tatu, ukutani upande wa madirisha, sawa? Cherehani tatu."

Mama Mdogo akaona basi, mambo yameshatoka nje, mchezo umekwisha. Akacheka kwa sauti.

"Nne, Mama Tambi. Umemsahau mmoja."

Mama Tambi si mtu wa kusahau. Akavuta kijitabu chake, akafunua ukurasa, akatazama.

"Tatu. Dada huyu aliniambia tatu," akasema, akimwonyesha Bi Harusi kwa kalamu. "Alisema wewe unaacha kazi. Macho yamechoka, unakwenda kukaa kwa dada yako."

Kisha akatazama nyuso nne pale mezani, moja baada ya nyingine. Akairudisha kalamu sikioni.

"Nitamwambia asubiri," akasema, akaenda zake.

Mama Mdogo alibaki ameshika kijiko. Nilipomuuliza aliwaza nini wakati ule, aliniambia kilichomuuma kwanza si chumba wala nini. Ni macho. Kuambiwa macho yake yamechoka, yale yale yaliyotoka kukiona kiungo cha kitambaa kutoka ng'ambo ya barabara. Kuambiwa hivyo kwa mtu mwingine, nyuma ya mgongo wake, na yule mtu akamwonea huruma mpaka akampikia kitamutamu.

"Tulitaka kukuambia," Bi Harusi akasema.

"Lini?"

"Leo. Ukishakula."

Mama Vifungo akaanza kulia, kwa wepesi wake ule ule.

"Macho yangu yana nini?" Mama Mdogo akauliza.

"Hayana kitu. Ilibidi niseme neno. Mama Tambi aliuliza mbona tatu, wakati siku zote anatuona wanne."

"Ungemwambia ukweli."

Mama Mdogo akamgeukia Mama Vifungo, akapata machozi. Akamgeukia Kitinda, ambaye alimfundisha kushika mkasi, ambaye alimkalia kikao na wazazi wake ili wamwachie ajifunze kazi, na aliyeumwa mwaka mzima akapelekewa uji na Mama Mdogo kila jioni. Kitinda ndiye aliyejibu.

"Ukweli ni kwamba tumechoka kufumuliwa," akasema.

Hapo lazima nieleze. Mama Mdogo alikuwa anafika kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wenzake saa mbili. Katika muda ule alikuwa anapitia kazi zao. Palipokunjamana alifumua, akashona upya kwa uzi wa rangi ileile, akairudisha nguo ilipokuwa. Hakuwahi kuwaambia, na hakuwahi kufikiri kwamba wanajua. Mimi mwenyewe alikuwa amenieleza zamani, kama mtu anayeeleza jinsi anavyofagia ua.

"Nafumua palipoharibika tu," akasema. "Kwa ajili ya jina la chumba. Mteja akirudisha nguo, anairudisha kwetu sote."

"Unafumua kila kitu, Dada Fundi. Mwaka juzi nilimshonea mdogo wangu gauni la mahafali. Halikuwa la mteja, lilikuwa langu, nimelikata mwenyewe, nimelishona mwenyewe. Asubuhi nikakuta kiuno kimefumuliwa. Mdogo wangu akalivaa, watu wakalisifia, wakaniita niwaambie nimelishonaje. Sikujua niseme nini."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Hapa nakiri, Kitinda ana hoja. Na mimi nimewahi kuvaa nguo niliyojishonea, nikalala nayo mbovu nikaamka nayo nzuri, na sikuipenda tena. Lakini hoja hiyo ingesemwa chumbani, siku yoyote ya miaka kumi na moja, mtu na mtu. Wangemwambia, Dada Fundi, acha mikono yako kwenye kazi zetu. Angenuna wiki nzima, angeacha. Wao wakaona ni rahisi zaidi kumtafutia maradhi ya macho, wakatafuta chumba, wakakilipia, wakaweka na mapazia, na kila asubuhi wakamsalimia kama kawaida.

"Lakini mapazia mkaniletea mimi," Mama Mdogo akasema.

"Hakuna mwingine anayeyaweza," Bi Harusi akajibu.

Alilisema kwa upole, tena kwa heshima, kama sifa. Mama Mdogo anasema kati ya yote yaliyosemwa siku ile, hilo ndilo lililomkata maini.

Feni ikazunguka. Meza ya jirani familia moja ilikuwa inagombania kamba wa mwisho. Kitinda akafuta uso kwa kitambaa cha karatasi, akavuta kiti karibu.

"Dada Fundi, tubanane," akasema. "Juu ya ngazi, kabla hujaingia mlangoni, pana nafasi. Cherehani moja inaingia. Nilipima."

Nampa hilo Kitinda, kwamba alipima. Siku moja kabla, au siku tatu kabla, alipanda zile ngazi na kamba yake ya kupimia akatafuta pa kumweka. Wenzake hawakujua, maana wote wawili walishtuka.

Na Mama Mdogo alitaka kusema ndiyo. Jambo hili aliniambia mara moja tu, uso ameuinamishia kazi, na alipomaliza akaniomba nisilirudie. Nalirudia kwa sababu bila hilo mtu anaweza kudhani alikuwa na kiburi. Hakuwa nacho. Neno ndiyo lilikuwa limeshamfika ulimini. Angekaa juu ya ngazi, mlango wazi, awasikie wakicheka ndani, na asingegusa mshono wa mtu mpaka anakufa. Kwanza akawatazama wale wawili. Mama Vifungo alikuwa anachambua majani ya minti, moja moja, anayapanga kwenye ukingo wa sahani. Bi Harusi alikuwa ameushika ukingo wa kioo kwa vidole. Hakuna aliyetikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Walikuwa wanangoja, na aliona wazi wanangoja jibu lipi.

"Msihangaike," akasema. "Mimi nilishapata mahali. Tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nangoja nafasi ya kuwaambia."

Mama Vifungo akashusha pumzi ndefu, mabega yote yakateremka. Bi Harusi akacheka.

"Ona sasa. Kumbe na wewe ulikuwa na lako," akasema, kana kwamba wote wanne wamekamatwa na kosa moja na sasa wako sawasawa.

Kitinda peke yake ndiye aliyeuliza ni wapi.

"Pazuri," Mama Mdogo akamwambia. "Pana mwanga."

Kitinda akamtazama. Kisha akaamua kuamini. Mama Mdogo alimwona akiamua, na akaona uso wa yule msichana ukifunguka kwa mara ya kwanza tangu wakae, ukarudi kuwa ule uso aliokuja nao siku ya kwanza, hajui kutia uzi. Kioo kikazungushwa, vipande vya mwisho vya bata vikaja mbele yake, na Kitinda akamwekea vyote. Akala. Mimi ningegeuza ile meza, mchuzi uwafike kwenye magauni. Yeye akala mpaka mwisho, akala na kitamutamu cha Mama Tambi, akawaaga mmoja mmoja kwa mkono, akamwambia Bi Harusi pazia la katikati limefungwa chini kidogo upande wa kulia, alipandishe.

Alifika kwetu saa tisa mchana. Mama alikuwa anakunja nguo, mimi nilikuwa kwenye kochi naangalia simu. Hakusalimu. Akaweka mkoba mezani, akatoa kamba ya kupimia, akapiga magoti sakafuni kati ya kochi na friji. Akapima upana. Akapima kutoka ukutani kuja mbele. Kisha akarudia upana, polepole, akiibana kamba kwa kidole gumba upande wa friji. Chumba cha mbele redio ya msusi ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Unapima nini?" Mama akamuuliza.

"Nimewaambia nimeshapata mahali," akasema, kamba ikiwa bado chini ya kidole gumba. "Sogeza kochi kidogo, Dada."